Uzi Utatoka Wapi

Kwanza nikuambie kazi yake, maana bila kazi yake hadithi hii haina miguu. Mama huyu ni fundi wa kuziba matobo ya nguo. Si kubandika kiraka kama mtu anayeziba gunia, la! Mpelekee koti lililotobolewa na sigara au suruali iliyotafunwa na panya, ataigeuza ndani nje, atapekua kwenye pindo pale pasipoonekana, achomoe uzi wa nguo ile ile, kisha aufume juu ya tundu taratibu, mpaka ukirudishiwa nguo yako uanze kubishana naye tobo lilikuwa wapi. Watu wanamwita Mama Pindo. Ukiweka nguo mezani kwake, salamu yenyewe hajaimaliza, anakuuliza: "Uzi utatoka wapi?" Nguo isiyo na pindo hurudi kwao na tobo lake.

Hiyo ndiyo kazi inayojulikana. Nyingine ni kuandika vitabu vya uchawi, na usimkunjie uso, si uchawi wa kuroga majirani. Ni wa nchi alizozitunga mwenyewe kichwani akiwa ameinamia sindano. Vitabu vitatu vimeshachapwa, kila kimoja na nchi yake, na vyote vinashikana. Katika Nchi ya Chumvi, mganga humwekea mgonjwa punje ya chumvi chini ya ulimi. Katika Nchi ya Upepo, jeraha hupigiwa filimbi. Katika Nchi ya Chuma, mhunzi hugusa mfupa uliovunjika kwa nyundo baridi. Wasomaji walidhani ni uchawi wa aina tatu, mpaka kitabu cha tatu, ambapo msafiri mmoja anavuka nchi zote na kung'amua kwamba ni uchawi ule ule, umebadilisha nguo tu. Kuponya ni kuziba tobo, na uzi hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwenye pindo lake asiloliona.

Kwa hiyo hakuna aliyeponywa bure. Wa chumvi hupoteza ladha moja. Wa chuma husahau njia moja aliyokuwa akiijua. Wa upepo hupoteza sauti moja. Katika kitabu cha pili kuna binti mpiga filimbi aliyeungwa mguu, akainuka akatembea vizuri kabisa, mama yake akamwita kwa nyuma na yeye asigeuke, maana sauti ile alikuwa haijui tena. Na mtu akiponywa mara nyingi mno, pindo humwishia.

"Wenzio wanaandika mapenzi, wewe unaandika pindo," wifi yake humtania kila mara. Wifi huyo ni dada wa mumewe, wanakaa nyumba moja, na mdomo wake haupati likizo.

Msomaji wa kwanza wa vitabu vyote ni binti yake, kitinda mimba, mwanafunzi wa sekondari. Nyumbani wanamwita Hakimu. Farasi akiwa mweupe sura ya tatu na kahawia sura ya tisa, Hakimu hamwachii mtu. Kitabu hakiendi kwa mchapaji mpaka Hakimu aseme kimepita.

Basi asubuhi moja Hakimu aliteremsha sufuria ya maji ya moto jikoni, kitambaa kikamponyoka, maji yakamwagikia mkono wa kulia, mgongo wa kiganja mpaka kwenye vidole. Walikimbia naye hospitali. Akalazwa kwenye wodi ya vitanda vya chuma na ukuta wa kijani uliobanduka rangi, kando ya dirisha lisilofunga vizuri. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, anayesema polepole. Akaeleza kwamba ngozi ya pale imeungua ndani sana, haitarudi yenyewe. Watachukua ngozi nyembamba kutoka kwenye paja la binti wamfunike nayo mkono. Wasipofanya hivyo, kidonda kitakapokuwa kinafunga kitavuta vidole, vitajikunja, na vitabaki hivyo.

"Sitaki," akasema Hakimu.

Wakambembeleza, wapi! Baba yake alikuja na machungwa, akaondoka nayo. Wifi alikuja na maneno, akaondoka nayo hali kadhalika. Hatimaye alipobaki na mama yake tu, akamwambia, "Si wewe uliyeandika?"

"Niliandika nini?"

"Kwamba kuna kitu kinachukuliwa. Na mwenyewe hajui ni kipi mpaka kishachukuliwa."

"Hadithi hiyo, mwanangu."

"Uliniambia hadithi si uongo."

Mama Pindo aliumia, tena aliumia mara mbili, kwa mkono wa mwanawe na kwa akili yake mwenyewe iliyomtisha mwanawe. Miaka yote aliona fahari kwamba kanuni yake haina mwanya. Sasa akautafuta mwanya kwa udi na uvumba.

Akaamua kuutoboa mwenyewe. Akaandika sura ya kwanza ya kitabu cha nne, Nchi ya Maji, ambapo mgonjwa anachovya mkono mtoni na kuutoa mzima, anacheka, anakwenda zake kula. Akaja kuisoma pale wodini kwa sauti tamu kama anayelisha mtoto uji. Hata wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza kumsikiliza. Alipomaliza, Hakimu alikuwa anatazama dari.

"Uzi umetoka wapi?"

"Maji ni mengi, bwana, yale..."

"Mama. Uzi umetoka wapi?"

Mama akazikunja karatasi zake.

"Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema Hakimu, na bibi wa kitanda cha pili akacheka mpaka akapaliwa.

Kesho yake daktari alimwita Mama Pindo pembeni. Kidole kidogo kilikuwa kimeanza kujikunja. Hawawezi kungoja tena. Binti bado ni mdogo, akasema, kwa hiyo sahihi ya mzazi inatosha, ingawa yeye hapendi kumwingiza mtoto chumba cha upasuaji akiwa analia.

"Tia sahihi!" wifi, aliyekuwa amewafuata, akadakia. "Tangu lini mtoto anaulizwa? Akipona atakushukuru."

Mama Pindo akashika kalamu, akaisogeza pale panapotakiwa sahihi. Hapo akawakumbuka waganga wake wote, wa chumvi, wa upepo, wa chuma. Katika vitabu vitatu hapakuwa na mganga hata mmoja aliyemuuliza mgonjwa. Wanachomoa uzi popote wanapotaka, mtu anaamka amepungukiwa, na mwandishi anaona hapo ndipo hadithi ilipokolea. Jamani, alijiona mtu mbaya! Akaiweka kalamu chini. Wifi akasonya, akatoka nje kupunga hewa.

Mama Pindo akaenda nyumbani akarudi na sketi ya shule ya Hakimu, ile iliyowahi kuchanika kwa msumari wa dawati. Kwa mbele huoni kitu. Akaigeuza, akamwonyesha pindo kwa ndani, pale alipochomoa nyuzi. Palikuwa pamebaki pembamba, ukipaelekeza dirishani mwanga unapita.

"Ni kweli kitu kinachukuliwa," akasema. "Tazama. Ile sura ya mto nimeichana, ilikuwa uongo."

Hakimu akapapasa pale kwa mkono wake mzima. "Sketi uliiuliza?"

"Sketi ina mdomo?"

"Mimi ninao."

"Haya, nakuuliza wewe."

Hakimu akataka daktari aitwe. Daktari akaja, akavuta kiti, akakaa, na mimi namsifu kwa kile kiti, maana wengi husimama mlangoni wakiangalia saa. Hakimu akauliza kama anaweza kuchagua pa kutolewa ngozi. Anaweza. Akachagua paja la kushoto, juu kabisa, mahali ambapo hata kaptura ya michezo inafunika.

"Na kitu gani kingine kitakwenda?"

Daktari, ambaye hakuwa amesoma kitabu hata kimoja cha Mama Pindo, akajibu kama alivyoulizwa. "Kovu litabaki, pajani na mkononi. Na ile ngozi mpya huenda isihisi unapoguswa. Baadaye hisia zinaweza kurudi kidogo. Zinaweza zisirudi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna ninachokijua."

"Na usichokijua?"

Daktari alitaka kucheka, akamwona Hakimu hacheki. "Nisichokijua sikijui," akasema.

Jibu hilo Hakimu alilipenda, ungeona usoni. Daktari alipotoka, akamwambia mama yake, "Kuna kitu kimoja sitaki kiguswe."

"Kipi?"

"Sikisemi. Nikikisema nitalia." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Haya, nenda katie sahihi."

Wakati wa upasuaji Mama Pindo alikaa kwenye benchi la korido, roho juu, sketi ile mapajani, akijiapiza kwamba mganga yeyote wa kitabu cha nne atakayegusa mtu bila kumuuliza, atamfukuza nchini. Walipomtoa Hakimu alikuwa bado mzito kwa dawa ya usingizi. Macho hayajafunguka, midomo ikaanza.

"Mama, sema kitu."

"Niseme nini, mwanangu?"

"Chochote."

Mtunzi wa vitabu vitatu akaokota neno la jikoni. "Shangazi yako ameunguza wali," akasema.

"Tena."

"Umeungua kabisa. Sufuria tumeiloweka tangu asubuhi."

Hakimu akatabasamu, akalala. Mama yake akasema ni dawa tu zile, zinawafanya watu wapayuke.

Siku ya kufungua bendeji mkono haukuwa mzuri, tusidanganyane. Ngozi ilikuwa ya rangi mbili na kingo zilizovimba. Lakini Hakimu alivinyoosha vidole, kimoja kimoja, na hata kile kidogo kilichokuwa kimeanza kujikunja kikanyooka. Daktari akashusha miwani machoni, akatazama, akasema vizuri sana. Mama Pindo akapitisha kidole juu ya ngozi mpya, polepole, jinsi anavyokagua kazi yake mwenyewe.

"Unahisi?"

"Hapana."

"Hata nikibonyeza hivi?"

"Naona tu unabonyeza."

Mama Pindo alikuwa amejikaza tangu siku ya maji ya moto, lakini hapo machozi yalimshinda, yakamdondokea mwanawe mkononi, na mwanawe hakuyahisi.

"Sasa unalia nini?" Hakimu akamwambia. "Si tuliambiwa? Mimi nilidhani watachukua sauti yako."

Mama Pindo akamtazama. Akaukumbuka wali.

Hakimu akamshika kidole kwa mkono wa kushoto, akakisogeza, akakivusha kovu, akakiweka kwenye kifundo cha mkono, pale ngozi yake ya zamani inapoanzia.

"Shika hapa," akasema. "Hapa nahisi."