Jino la Igalula Lina Mdhamini

Mwezi uliopita nilikuwa hospitali hapa Tabora, nimeshika shavu, nikingoja zamu yangu kwa mganga wa meno. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja aliyekuja kwa treni kutoka Igalula na mjukuu wake wa kike. Mtoto aling'olewa jino la utoto, na bibi akanyoosha kiganja.

"Nipe jino letu."

"Shikamoo bibi. Amri ya Serikali ni kwamba meno yote yachomwe moto."

"Marahaba. Sasa juu ya paa tutatupa nini? Lisipotupwa, jipya litaotaje?"

Mganga akaitazama foleni, akainama kwenye ndoo ya meno yaliyong'olewa, akamtolea jino. Bibi akaligeuza kwenye mwanga, akalinusa.

"Hili la mzee mvuta kiko! Unataka mjukuu wangu aote magego ya babu?"

Akaketi mlangoni, akaapa kwamba haondoki, na jino lisipoota watakutana bomani. Mwishowe mganga akaandika: "Mimi ndiye mwenye jukumu la jino hili mpaka liote," akapiga muhuri. Bibi akaifunga karatasi kwenye pindo la kanga.

Juzi nimemkuta mganga huyo stesheni, tiketi ya Igalula mkononi.

"Nakwenda kulitazama," akaniambia. "Limeanza kuchomoza!"

Sijapata kumwona mtumishi wa Serikali akifuatilia kazi yake namna ile. Mimi siku ile alining'oa jino zima, akaniachia bovu. Lakini sikudai karatasi.