Mchicha wa Nyuma ya Jiko

Mwaka ule sabuni haikuonekana Tanga nzima. Nguo tulifulia majani ya mpapai, vyombo tukasugulia kumbi la nazi na majivu. Vyombo vilikuwa kazi yangu, nami nilikuwa mvivu, sina haja ya kujipamba. Bibi aliyenilea pale Kigombe alizoea kunitania: "Mke mwenza, hizo ni sufuria au zimevaa kaniki?"

Siku moja, masika yakikaribia, majivu ya mafigani yalikuwa bado ya moto. Nisubiri yapoe? Thubutu! Wenzangu walikuwa wananingoja tukacheze rede. Nikaona kopo kuukuu la maziwa juu ya uchaga, limejaa majivu baridi, laini kama unga. Nikayamimina yote, nikasugua, maji machafu nikayamwaga nyuma ya jiko. Jioni nikalijaza kopo majivu mengine, uvivu wangu usijulikane.

Wallahi sikujua kwamba mle mlikuwa na mbegu. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, na bibi alizichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Ule haukuwa mchicha wa kuokota njiani. Ulikuwa wa majani mapana na mashina mekundu, mbegu alizoachiwa na mamake, na pale mtaani alikuwa nazo yeye peke yake. Kila masika alipanda uani, akavuna, akaweka nyingine.

Mvua ya kwanza iliponyesha akateremsha kopo, akamimina kwenye ungo, akapepeta. Hamna kitu. Akapepeta tena, akapekua majivu kwa kidole. Mimi nilikuwa palepale, juu ya mbuzi, nakuna nazi.

"Mbona nakumbuka niliweka?" akasema. Nikazidi kukuna, kwa bidii ambayo hajawahi kuiona kwangu. Mwisho akacheka peke yake. "Lo, uzee huu! Nimejaza majivu, mbegu nimesahau."

Neno moja tu lilitakiwa, nikalimeza. Naona haya mpaka leo ninapoandika.

Haikupita wiki, nyuma ya jiko pakachipua. Mchicha ulitoka kwa wingi pale nilipomwaga maji ya vyombo, tena wenyewe hasa, wa mashina mekundu. Mtu mwenye akili angemwita bibi, wakafurahi pamoja. Mimi nikawaza kitu kimoja tu: ataniuliza umefikaje huku. Basi kila asubuhi, yeye akiwa bado kwenye mswala anavuta uradi, mimi nashika ufagio, nafagia ua, kisha nazunguka nyuma na kung'oa miche yote. Niling'oa mpaka ikaacha kuota. Na bibi, maskini, akanisifu kwa majirani kwamba siku hizi nimekuwa hodari, hata nyuma ya jiko kunang'aa.

Tangu hapo hakujiamini tena. Mwanamke aliyekuwa akijua siku aliyozaliwa kila mtoto wa mtaa ule, akawa anasimama katikati ya ua na kuniuliza, "Chumvi nimetia?" Ametia, tena namuona anatia. "Adhuhuri nimeswali, au bado?" Nikamjibu kila mara, kwa upole, mnafiki mkubwa mimi. Watu wazima wa mle nyumbani wakaanza kumwondolea kazi moja moja, wakisema apumzike. Yeye hakubisha. Zamani angewatimua kwa mwiko.

Masika yalipokwisha, jirani mmoja akampa mbegu za kunde za kuweka kwa ajili ya mwaka unaofuata. Bibi akaniita chumbani. Akafungua fundo la kanga yake, akazitoa, akanisogezea.

"Weka wewe, mke mwenza," akasema. "Mie akili imenitoka. Humu ndani mwenye kumbukumbu ni wewe."

Nikakinga mikono miwili, kwa adabu, kama alivyonifunza mwenyewe.

"Haya, bibi," nikasema.