Makochi Yangu na Ufadhili wa Wifi

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, pale uani wanamwita Injinia. Jina alipewa angali mdogo, kwa tabia yake ya kufungua redio za watu na kuzifunga tena zikiwa zinaimba. Nilipoolewa nikalikuta, nikalitumia kama wote, ila mimi nilikuwa nalitamkia puani. Injinia, umeosha sufuria? Injinia, bawaba ya bafuni inalia. Alikuwa anacheka tu, anakwenda kuitia mafuta. Kucheka kwake ndiko kulikoniudhi zaidi.

Nisizungukezunguke: nilimwonea wivu. Wala si ule wivu wa kusema Mungu ampe na mimi anipe. Kijicho kabisa, cha kumtazama mtu anakula ukaona anatafuna chako. Umri nimemzidi kidogo tu. Shule mimi niliacha baba yangu alipofariki, nikashika kitana, na tangu hapo ni kusuka vichwa vya watu mpaka vidole vinakufa ganzi. Yeye naye baba yake alifariki, lakini mama mkwe, mfuaji wa mashuka hospitalini, alisema binti huyu atasoma hata mikono yangu ichubuke yote. Ikachubuka. Injinia akamaliza sekondari kwa alama ambazo mwalimu wake wa fizikia alikuja kutusomea nyumbani kwa sauti, kana kwamba sote ni viziwi.

Chuo kikampa nafasi ya uhandisi wa umeme. Ada ndiyo haikuwepo, na asipopata mfadhili kabla ya siku ya kuripoti, nafasi inakwenda kwa mwingine. Basi nyumba nzima ikawa ya ufadhili. Mume wangu ni fundi bomba; akirudi kazini, simu yake haikuwa yangu tena wala yake. Injinia alikaa nayo dirishani, pale mtandao unaposhika, anapekua matangazo. Hili limefungwa mwaka jana. Lile ni la watoto wa wafanyakazi wa benki. Jingine linataka utume kwanza hela ya usajili, na mwalimu akamwambia anayekudai hela ili akupe hela ni mwizi, mkimbie. Nilikuwa nasikia yote nikiwa kwenye jiko langu, na kila lililogonga mwamba, Mungu anisamehe, chakula kilinishuka vizuri.

Siku moja mwalimu akaleta tangazo lililomhusu hasa. Kuna shirika linasomesha wasichana wa familia zisizojiweza, ambao kwao hakuna aliyewahi kufika chuo, wanaotaka kozi ambazo wasichana ni wachache. Mume wangu akalisoma kwa sauti, na alipofika penye "wachache" akamtazama dada yake kana kwamba uchache huo kauvumbua yeye. Nilikuwa nachambua maharage. Nikasema hata kwetu hakuna aliyefika chuo, na msichana nilikuwa.

"Lakini wewe si umeshaolewa, mke wangu," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa habari njema.

Nilichambua maharage hayo mpaka nikawa natupa mazima na kubakiza mawe.

Kwenye maombi kulikuwa na insha: eleza maisha ya nyumbani kwenu na sababu ya kuhitaji msaada. Hapo ndipo penye tabu ya ukoo huu. Wao shida hawasemi. Wakilala na njaa, asubuhi wanachokonoa meno barazani ili majirani waone. Kwa mama mkwe ni funika kombe mwanaharamu apite, na nyumbani kwake makombe yote yamefunikwa. Alitaka asomewe insha, na kila penye ukweli akasema hapo toa. Paa linalovuja, toa. Kufua mashuka, toa, andika mama ni mtumishi wa afya. Ilipokwisha, hata mimi ningetamani kuzaliwa katika nyumba hiyo. Mwalimu aliisoma akakuna kichwa, akamwambia binti hawa watu hawaji kukuposa, waambie hali ilivyo. Injinia akarudisha mistari michache ya kweli bila mama yake kujua, ikatumwa. Baada ya muda jibu likaja kwamba amepita mchujo wa kwanza, na maofisa wawili watakuja nyumbani kuona hali ya familia kabla ya kuamua.

Kuona hali ya familia. Mwenye akili zake anaelewa. Mama mkwe alichosikia ni kwamba wageni wanakuja.

Weee, ile nyumba ilipambwa. Ndoo za kukingia maji ya paa zikasukumwa uvunguni. Zulia likaazimwa kwa nesi wa chumba cha mwisho, televisheni kwa mwenye nyumba, vikombe vya maua kwa seremala. Kisha mume wangu akaja chumbani kwetu kichwa kimeinama, nikajua la kwangu limefika. Mama anaomba makochi.

Makochi yale ni yangu. Nimeyanunua kwa kusuka, kichwa baada ya kichwa, ya kitambaa cha kijani, na nailoni yake sikuwahi kuivua. Ndicho kitu pekee ambacho nikikitazama naona na mimi nimefanya jambo duniani. Hata mume wangu haketi hapo kabla hajanawa miguu. Nikasema chukueni. Ningesemaje, mtoto wa watu niliyeolewa? Wakayabeba, wakavua nailoni mbele yangu. Simu kachukua yeye, mume kachukua yeye, sifa zote za ua mzima zake, na sasa hata pa kukalia pangu pamekuwa pake.

Wala msidhani sikuona wanakojipeleka. Mtu anakuja kukupima umaskini, wewe unamtandikia zulia. Niliona vizuri sana, nikanyamaza. Nikajisemea mgeni njoo mwenyeji apone, na wasipopona shauri yao.

Wageni wakafika: mama wa makamo mwenye miwani, na kijana aliyekuwa anaandika kila kitu. Wakakaribishwa kwenye makochi yangu. Yule mama akauliza mzazi anafanya kazi gani. Mtumishi wa afya, akajibu mama mkwe, mikono kaificha chini ya mtandio. Kijana akaandika. Akaitazama televisheni ya mwenye nyumba, akaandika tena. Injinia alikaa pembeni macho chini. Alikuwa anaona anavyozama, lakini angemkosoaje mama yake mbele ya wageni? Mume wangu alikuwa anatoka jasho kama yuko juani. Mwisho yule mama akafunga faili lake, akasema kwa adabu kwamba familia inaonekana inajimudu, na waombaji wenye hali ngumu zaidi ni wengi.

Mimi nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Nilichokuwa nakiombea kimoyomoyo ndicho hicho kimetokea. Ningetulia kidogo tu, wangeaga, yakaisha. Lakini mama mkwe, katika kulinda heshima yake, akaupigapiga mkono wa kochi na kusema, "Tunamshukuru Mungu. Yote haya ni jasho la mwanangu."

Jasho la nani? Nikasahau sinia, nikasahau ukwe.

"Makochi ni yangu," nikasema. "Nimeyanunua mimi kwa kusuka, na leo hii yanarudi chumbani kwangu."

Ulimi ukishateleza hauna breki. Nikawaambia zulia ni la nani na televisheni ni ya nani. Nikawaambia wainame waone ndoo uvunguni, na kama wanataka kujua huo utumishi wa afya, wamwombe mama atoe mikono. Nilisema kwa hasira tupu. Sikuwa nampigania mtu pale; nilikuwa nadai changu. Mama mkwe akajifunika uso. Yule mama mwenye miwani akainama kweli, akachungulia uvunguni, kisha akasogea akaishika mikono ya mama mkwe, akaigeuza juu na chini. Ile sabuni ya hospitali imekula ngozi mpaka inatoka kama maganda. Akarudi kuketi, akafungua faili lake upya.

"Haya, binti," akamwambia Injinia, "sasa nieleze wewe."

Na Injinia akaeleza.

Makochi yalirudi siku ileile. Mama mkwe akaacha kusema na mimi. Hata chumvi akawa anaazima kwa nesi. Uani wakasema mke wa fundi bomba amemwaga mtama penye kuku wengi kwa ajili ya kijicho. Sikubisha, kijicho nilikuwa nacho tele. Halafu ujumbe ukaingia: Injinia amepata, ada yote, malazi na vitabu. Midomo ileile ikageuka. Eti nina akili, eti nilifanya makusudi ili nimwokoe wifi yangu. Mama mkwe akaniletea bakuli la chakula, akaliweka juu ya meza, akasema, "Kula, mwanangu." Nilikula na machungu yangu, maana sasa hata kumchukia wifi yangu nimenyimwa nafasi.

Kabla hajasafiri alikuja nimsuke. Akakaa chini kati ya magoti yangu, nikaanza mbele, mistari myembamba, iliyonyooka. Nilikuwa navuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na yeye hakulalamika. Nilipofika katikati ya kichwa akasema, "Wifi, hivi wewe ungesomea nini?"

Vidole vikasimama. Baba alipofariki, wakubwa waliulizana nani atanichukua. Posa ilipokuja, waliniuliza kama nimeridhika. Hili hakuna aliyewahi kuniuliza, wala huyo mume wangu mwenye upole wake. Nikamwambia Injinia atulize kichwa, asinigeukegeuke. Akakituliza, lakini nikajua anangoja.

"Ramani," nikasema. "Kuchora ramani za nyumba."

Akauliza nyumba za namna gani. Nikamweleza: madirisha yanatazama wapi, jiko linakaa wapi ili moshi usiingie vyumbani, wapi mtoto angewekewa meza ya kusomea. Nilisema sana siku hiyo, sijui yote yalikuwa yamekaa wapi, na macho yakanijaa nikawa nasuka sioni. Mistari yote ya nyuma ikatoka imepinda. Nilipoiona nikataka kuifumua nianze upya. Akakataa, akasafiri nayo hivyohivyo.