Nani Anatazama Kamera ya Ngazini

Jirani yetu wa ghorofa ya chini tulimwita Mama Nukta, kwa sababu hakuwahi kuandika sentensi ya kumkata mtu pumzi. Hadi anastaafu alikuwa karani wa kampuni ya maji, na kazi yake ilikuwa kuwaarifu watu kwamba maji yatakatwa. Habari kama hiyo, alisema, haihitaji mapambo.

Mwenyekiti wa jengo alipenda mapambo. Alifunga kamera ngazini kwa usalama wetu sote. Skrini akaiweka sebuleni kwake, nayo kwa usalama wetu sote. Kisha akabandika sera ya faragha ya kurasa sita, aliyoinakili mahali fulani, iliyojaa "kwa mujibu wa" na "isipokuwa pale ambapo". Tuliisifu sana. Kuisoma lilikuwa jambo jingine.

Aliyeisoma ni fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mjane, maana alikuwa na shida. Kuna bwana alikuwa akija kumchumbia, mchana kweupe, kwa adabu zote. Kila alipopanda ngazi, mke wa mwenyekiti alishaijua rangi ya shati lake na kuitangaza hadi bombani. Bwana akaanza kuona haya kuja. Fundi naye akaanza kutafuta chumba kwingine, awaache wateja aliowakusanya kwa miaka.

"Nimesoma zote sita," alimwambia Mama Nukta. "Sijaona palipoandikwa nani ananitazama."

"Hapajaandikwa, mwanangu. Ndiyo maana ziko sita."

Kikao cha wapangaji kikamwagiza Mama Nukta aiandike upya kwa lugha ya kueleweka. Mwenyekiti aliunga mkono. Ni mtu wa maendeleo. Kikao kilichofuata, Mama Nukta akasoma:

"Kamera inampiga picha kila anayepita ngazini. Picha zinaonekana sebuleni kwa mwenyekiti. Wanaozitazama ni mwenyekiti, mkewe, na shemeji yao anapokuja kula. Mke husimulia. Ukitaka picha yako ifutwe, hakuna wa kumwomba."

Fundi aliinama, akingoja aibu iwashike wenyewe. Aibu ilibisha hodi, haikukuta mtu.

"Shemeji?" dereva wa ghorofa ya tatu aliruka. "Shemeji hata hakai hapa! Mimi ninayelipia ulinzi mbona sijatajwa?"

"Na mimi je?"

"Tuandike wote, Mama Nukta!"

Mama Nukta hakuwa mtu wa kubishana na kikao. Akaongeza: "Kila mpangaji ana haki ya kutazama." Mwenyekiti akatia sahihi haraka, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Jioni hiyohiyo haki ikaanza kutumika. Wapangaji walijaa sebuleni, wakakalia hadi mikono ya kochi, wakaomba sauti iongezwe, ingawa kamera haikuwa na sauti. Ngazini hapakuwa na la kuona, kwa kuwa wapandaji wote walikuwa sebuleni. Basi wakaitazama sebule. Waliona pazia lililoungwa kwa pini. Walimwona mwenyekiti akikemewa kwa ajili ya soksi zake. Asubuhi, bombani, habari ilikuwa soksi.

Mke wa mwenyekiti alivumilia wiki nzima, kisha akashuka kwa Mama Nukta akiwa ameikumbatia skrini.

"Dada, watu hawana haya! Wananichungulia nyumbani kwangu, halafu wanaenda kunisimulia!"

"Pole. Inauma, eh?"

"Andika kwamba haruhusiwi mtu. Ikae kwa mlinzi, kabatini, ifunguliwe kukiibwa kitu tu."

"Hata shemeji?"

"Shemeji ndiye wa kwanza!"

"Na wewe?"

Aliitazama skrini kama mtu anayeaga maiti.

"Haya. Na mimi."

Sera mpya ilienea kwenye kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja. Fundi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akauliza kama kweli kabati lina kufuli, akaenda kulivuta mwenyewe. Kisha akampigia dalali na kumwambia asihangaike tena na chumba. Baada ya hapo akampigia mtu mwingine, kwa sauti ya chini, na hayo hatukuyasikia, ingawa tulijitahidi.