Mtu Anayekimbizwa Haimbi

Nakumbuka Jumapili moja ya miaka ile ya vita, mwanangu, nikiwa nimekaa kizingitini pa nyumba tuliyopanga Buyenzi, miguu yangu nimeitumbukiza katika beseni la maji ya chumvi. Ilikuwa imevimba. Nikasikia wimbo unakuja kutoka barabarani, na vishindo vya miguu mingi vikianguka kwa pamoja, nikajua ni klabu ya siporo, yaani ya mazoezi, ya mtaa wetu inarudi kutoka kupanda kilima cha Gihosha. Wewe umewazoea watu wa Bujumbura wanaokimbia Jumapili asubuhi huku wakiimba. Wasipopita unaona kama mji haujaamka. Mimi wakati ule sikuwaelewa. Niliwatazama kama mtu atazamavyo wendawazimu wenye furaha.

Nikueleze kwanza nilikuwa nani. Mimi ndiye mtoto wa kwanza kwetu. Niliacha shule mapema ili nimsaidie mama, nikajifunza kushona. Baba na mama walikufa wakifuatana, kwa maradhi, muda mfupi kabla ya vita, wakaniachia wadogo zangu. Vita vilipofika Kinama, tulikokuwa tukikaa, tulikimbia. Nilikumbatia kichwa cha cherehani, mdogo wetu wa mwisho, Ineza, nikambeba mgongoni, wengine wakanishika nguo, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Tukafika Buyenzi, kwa Waislamu waliokuwa wakikaa mjini tangu enzi za babu zao, wakatupokea bila kutuuliza kabila. Toka siku ile, neno kukimbia kwangu lilikuwa na maana moja tu.

Basi nikakaa kwenye cherehani. Nilikaa tangu amri ya kutotoka nje usiku ilipoisha asubuhi mpaka ilipoanza tena jioni. Wadogo zangu walikwenda shule kwa sababu mimi nilikaa. Nilijivunia kukaa kwangu! Kumbe mwili haujui kwamba unakaa kwa ajili ya watoto. Nilikuwa ndiyo kwanza nimevuka thelathini, lakini nikipanda ngazi za kanisa nilisimama katikati kujifanya nafunga kiatu.

Muuguzi wa zahanati alinipima, akanikunjia uso. Akasema tansiyo, yaani shinikizo la damu, imepanda sana. Akanipa vidonge na maneno.

"We dada, unakaa muno. Tembea, kimbia kidogo. Mutu akianguka na hii kitu, anaweza asiamuke tena vile alikuwa."

Jioni ile niliwatazama wadogo zangu wakila, nikawaza: nikianguka, hawa watashika nguo ya nani? Hofu hiyo ikanitoa nje alfajiri iliyofuata, na nyingine mbili tatu. Nikauzunguka mtaa peke yangu, nimeinamisha kichwa. Kisha nikaacha. Nikaanza tena, nikaacha tena. Hofu, mwanangu, ni moto wa nyasi: huwaka upesi, lakini hauivishi maharage.

Ndivyo nilivyokuwa Jumapili ile ya beseni. Klabu ikapita, na mwishoni kabisa, hatua chache nyuma ya wenzake, akaja Mama Shabani. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mnene, muuza samaki wakavu, akikimbia na kitenge juu ya suruali ya marehemu mumewe. Akasimama mbele yangu akihema.

"We fundi, unapika miguu?"

"Imevimba, Mama."

"Itaacha kuvimba namna gani? Mungu aliipa kazi ya kutembea, we umeiajiri kukanyaga cherehani. Jumapili ingine unakuja na sisi."

"Apana, Mama. Mi nilishakimbia. Nilikimbia toka Kinama na mutoto mugongoni. Ile inanitosha."

Nilidhani atanicheka. Akakaa kizingitini kando yangu, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Siku ile mulikuwa munaimba?"

"Kuimba? Risasi zinalia, Mama, tuimbe?"

"Basi. Mutu anayekimbizwa haimbi. Ile haikuwa siporo, ile usiihesabu."

Nikashika kisingizio kingine. Nikamwambia nitawachelewesha watu.

"Wa mwisho ni mimi," akasema, akiinuka kwa kushika bega langu. "Ukikuja, na mi nitapata mutu wa kucheka."

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yule mama hakuuona mzigo wangu kuwa usufi. Aliuona ulivyo, na bado akaniambia niinuke.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Ineza alisimama mlangoni akapiga kelele, "Dada anakimbia kama bata!" na mtaa mzima ukasikia. Tukaanza polepole. Klabu ile ilikuwa na desturi yake, nayo nikueleze, maana ndiyo iliyoniponya. Walio na pumzi wakitangulia sana, kiongozi huinua mkono, na msururu wote hugeuka, hurudi kumzunguka aliye nyuma, ukamtia katikati, ndipo safari iendelee. Hakuna anayengojwa watu wakiwa wamesimama. Unafuatwa kwa mbio na kwa wimbo. Kiongozi huuliza, "Wa mwisho ni wa nani?" Wote huitika, "Ni wetu!" "Tumuache?" "Apana!"

Tulikuwa tumefika katikati ya kilima cha Gihosha, nami nikianza kuona kwamba labda sitakufa, lori lililokuwa likipanda kando yetu likapasukiwa gurudumu kwa mshindo kama wa bunduki.

Mwanangu, miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta nateremka kilima chote tulichokipanda, nikajitupa katika mfereji wa maji ya mvua, mikono kichwani. Kisha mkono wangu mmoja ukaenda mgongoni kumshika Ineza asianguke. Ineza alikuwa nyumbani. Hapo ndipo niliporudiwa na akili, nikaona tope kwenye nguo yangu, na watu wawili wakinichungulia kutoka kwenye ua wao. Aibu ikanijaa. Nikaapa moyoni: nitarudi kwa vichochoro, nikae kwenye cherehani yangu, na nikifa nife.

Nikasikia wimbo. Nilidhani wanaendelea kupanda. Lakini sauti haikuwa ikififia, ilikuwa ikikua. Walikuwa wameuacha mlima wote walioupanda kwa jasho, wanarudi chini.

"Fundi ni wa nani?"

"Ni wetu!"

"Tumuache?"

"Apana!"

Wakauzunguka mfereji, wakichezesha miguu palepale bila kusimama. Kijana mmoja akanionyesha magoti yake yaliyochubuka. "Mi nililala katikati ya barabara, Dada. Mi na mudomo yangu yote ya kujisifu." Mwingine akakiri kwamba alikuwa amejificha nyuma ya Mama Shabani.

"Alichagua vizuri," akasema Mama Shabani, akifika wa mwisho kama kawaida yake. "Lakini we fundi! Kumbe unajua kukimbia hivi, na ulikuwa unatuficha?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikalia, na hakuna aliyeniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Wakanivuta mkono, wakanitia katikati, tukaupanda mlima upya. Tulipofika mahali pale pa lori nilitaka kugeuka. Nikaimba. Sauti ilitoka mbovu, imekatikakatika kama uzi uliooza, lakini ilitoka. Nikagundua kwamba nakimbia, na hakuna anayenifukuza.

Nisikudanganye kwamba toka siku ile nilipenda siporo. Zipo Jumapili nilijifanya nimelala. Wakaja kuimba dirishani mpaka Ineza, msaliti yule mdogo, akawafungulia mlango. Nilikwenda kwa sababu nisipokwenda wangenifuata, na baadaye nikawa naenda kwa sababu na mimi kuna watu niliwafuata. Tansiyo haikuondoka. Ilishuka, ikakaa mahali pa kuvumilika, na vidonge sikuviacha. Wadogo zangu wote nikawafikisha ukubwani, na kwenye harusi ya Ineza nilicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Mama Shabani hayupo tena, Mungu amrehemu. Nafasi yake ya mwisho kwenye msururu ninayo mimi, nami siku hizi natembea zaidi kuliko kukimbia.

Sasa wewe unaniambia umri unakwenda, tumbo linakuja, na kila Jumatatu unaanza na kila Alhamisi umeacha. Sikulaumu. Nasaha yangu ni hii. Usiuingie mwendo huu kwa kuogopa kifo, kwa maana hofu ikipoa nawe utapoa. Uingie kwa ajili ya watu, wanaokungoja na watakaokufuata hadi mfereji wowote utakaoangukia. Tafuta hata mmoja tu, jirani, mke wako, mjane wa pembeni, mpeane siku na saa, na umpe ruhusa ya kukugongea mlango. Anza na kidogo kinachokuchekesha, usianze na kikubwa kitakachokuaibisha. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ukikosa wiki, rudi bila kujihukumu, maana aliyerudi na ambaye hakuwahi kuondoka hufika kilimani pamoja. Na ikiwa mwili wako una kumbukumbu mbaya, usiutukane. Uimbie taratibu, mpaka ujue kwamba vita vimekwisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe magoti yasiyokuasi na pumzi ya kuitikia wimbo, akuzungushie watu wasiokuacha nyuma, na akufikishe uzeeni ukitembea kwa miguu yako mwenyewe. Amina.