Chai ya Watu wa Gesi

Mama yangu alichimbisha shimo la biogesi, ile gesi ya kupikia inayotokana na mavi ya ng'ombe, kabla kaunti haijaamua lolote. Alisikia kwamba rasimu ya mpango wa tabianchi ina kifungu cha kuwasaidia wenye ng'ombe kujenga mitambo hiyo, na kwa mama yangu kusikia kunatosha. Moshi wa kuni ulikuwa umemtesa macho miaka mingi. Basi shimo likakaa nyuma ya zizi, likajaa maji ya mvua, na majirani pale Sosiot wakawa wanamuuliza samaki wataanza kuuzwa lini. Hata mimi nilimuuliza.

Siku ya wananchi kutoa maoni tulienda sote wawili kwenye ukumbi wa kanisa. Loo, tukakuta watu wa chama cha kampuni za gesi wametutangulia! Walitoka Nairobi na fulana za kufanana, jiko linalong'aa, na sufuria kubwa ya chai ya maziwa iliyochemka vizuri kabisa, siwezi kuwasingizia. Msemaji wao alikuwa kijana mcheshi, mzaliwa wa Bomet, wa lugha yetu, anayewaita akina mama wazee kogo, yaani nyanya, kama mjukuu wao. Alieleza kwamba gesi ya mtungi ni rafiki wa tabianchi kwa kuwa haikati miti. Kwamba nayo inachimbwa ardhini kama mafuta, hilo hakuligusa. Halafu akaomba kifungu cha biogesi kiondolewe, pesa ziende kwa mitungi.

Nikangoja watu wapinge. Wapi! Kwetu ukishakunywa chai ya mtu humpingi mbele ya macho yake, ni aibu. Na ukumbi mzima ulikuwa umekunywa, mimi vikombe viwili. Wazee waliokuja njia nzima wakilaani bei ya mtungi sasa waliitikia kwa adabu. Afisa wa kaunti akaanza kuandika kwamba tumekubali. Nilikasirika, lakini vikombe vyangu viwili vilikuwa vimenifunga.

Mama akasimama. Ndipo nikakumbuka kwamba alipoletewa kikombe alikikataa, nami nikadhani ni tumbo.

"Mimi sijakunywa chai yenu," alisema, "kwa hivyo naweza kuongea. Gesi yenu ikiisha, nangoja lori. Yangu ikiisha, naenda zizini. Hicho kifungu kikae."

Ukumbi ukaangua kicheko, na kucheka si kupinga, kwa hivyo hakuna aliyevunja adabu. Afisa alicheka mpaka akafuta macho, kisha akafuta na alichokuwa ameandika. Kifungu kikabaki.

Sasa mtambo unafanya kazi na mama anapikia mavi ya ng'ombe wake kwa maringo yasiyovumilika. Juzi tukasikia kaunti itakusanya maoni tena, safari hii Kericho mjini, kuhusu pesa zile zile, na watu wa gesi wamealikwa. Mama akaniagiza nimpigie simu yule kijana aje auone mtambo. Alikuja kweli, maskini. Akazunguka zizi, akausifu moto, akakaribishwa chai. Mama akamwongeza kikombe cha pili, akangoja mpaka kikaisha.

"Sasa umekunywa," akamwambia. "Tuonane Kericho."

Kijana alikitazama kikombe kitupu, akakiweka chini taratibu. Yeye si mgeni wa desturi zetu.

"Nitakuja, kogo," akasema. "Lakini nitakaa nyuma."