Mama na Mwamba wa Goba

Nikisikia harufu ya mkaa uliosagwa, mikono ya mama yangu inanijia kabla ya sura yake. Mikono myeusi hadi kwenye viwiko, khanga kaifunga kiunoni, kapiga magoti juu ya mwamba, ananihimiza nishike pembe ya karatasi upepo usiichukue.

Tulikuwa tumehamia Goba kutoka Temeke, mie nikiwa darasa la nne. Nyumba yetu ilikuwa na paa lakini haina madirisha. Baba alikuwa fundi ujenzi. Wiki nzima alijenga nyumba za watu, ya kwetu akaiachia Jumapili. Mama alikuwa fundi cherehani. Nyuma yetu, kwenye kiwanja cha jirani tuliyemwita Baba Shani, kulikuwa na mwamba mpana ulioinama kama paa la kibanda, na kina mama wa pale walianika makopa ya muhogo juu yake.

Siku moja mama alikuwa akikusanya makopa yetu, mara mkono wake ukatulia. Akafagia vumbi kwa kiganja, akaniita.

"Rehema, hebu pitisha kidole hapa."

Nikapitisha. Kulikuwa na vishimo vidogo vilivyopangwa kwa safu, chini yake duara, na kutoka kwenye duara mistari iliyojipinda ikiteremka hadi ukingoni.

"Hii si kazi ya mvua," alisema. "Mvua haijui kupima."

Basi ikawa ndiyo habari ya nyumbani. Alichukua karatasi za kaki alizochorea vipimo vya magauni, akazitandaza juu ya mwamba na kuzisugua kwa mkaa, na alama zikajitokeza kama meno gizani. Akazitundika sebuleni. Wateja waliokuja kupimwa walisimama mbele ya lile duara wakauliza kama ni mshono mpya.

Mwanzoni alidhani ni bao la watu wa zamani. Tukabeba komwe za kuchezea tukazipanga vishimoni, zote zikateremka hadi majanini, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha akasema ni ramani: duara ni kisima, mistari ni mabonde. Jumamosi tukashuka bondeni, yeye na karatasi, mie na chupa ya maji. Pale vijito viwili vilipokutana, karatasi nayo ilionyesha mistari miwili ikikutana. Mama alinikumbatia akanizungusha hewani, mtu mzima na heshima zake! Tukaendelea. Mbele kidogo kijito kikakata kushoto, karatasi ikakata kulia. Aliitazama karatasi, akatazama maji.

"Basi siyo hivyo," alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia akifumua mshono uliokosewa.

Mtaani ikavuma kwamba mama anatafuta rupia. Mnajua wenyewe: alama yoyote juu ya jiwe, watu watasema Mjerumani alifukia hela chini yake. Jioni moja Baba Shani akaja, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Mama Rehema, mie sina ugomvi. Kama kuna kitu pale, tugawane."

"Hakuna kitu, Baba Shani. Nataka tu kujua wanasema nini."

"Kina nani?"

"Waliochonga."

Jirani akamtazama baba kama mtu anayeomba msaada. Baba aliinamia sakafu. Mgeni alipoondoka, baba akasema taratibu, "Unatutia aibu. Mtu mzima hasomi mawe."

 Asubuhi mama alivaa gauni lake la sikukuu, akakunja karatasi, tukaenda mjini kwa dada mmoja mtaalamu wa mambo ya kale. Yule dada alizitandaza mezani akazitazama muda mrefu. Akasema huenda alama zile zilichongwa kabla hata lugha tunazozisema hazijafika huku.

"Waliozijua wamekwisha, mama. Sidhani kama yuko atakayezisoma tena." Akaahidi kuja kuuona mwamba.

Hakuwahi kuuona. Siku chache baadaye nilikuwa naosha vyombo, nikasikia nyundo. Baba Shani alikuwa amewaleta vijana. Walichoma matairi juu ya mwamba mpaka ukapata moto, wakaumwagia maji, ukapasuka. Mama alikimbia na futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Jamani ngojeni! Ngojeni kwanza!" Hakuna aliyengoja. Wakachimba mpaka kifuani. Walitoa mizizi, udongo mwekundu, basi. Baba Shani akaketi ukingoni mwa shimo, akashindwa kututazama.

Baba aliporudi kazini alimkuta mama ameshuka kati ya vipande, anajaribu kuunganisha viwili visivyooana. Hakuwa akilia. Baba alimpokea mawe yale polepole, moja moja, akamshika mkono.

Wiki ile cherehani ilikaa kimya. Jumapili, baba aliyekuwa ameahidi kupachika fremu za madirisha, alivaa viatu vyake vya kazini akasema, "Goba ina mawe mengi. Twendeni tukaangalie mengine."

Tukaenda sote watatu. Kila mwamba baba aliuinamia, mikono mgongoni.

"Na huu?"

"Huo ni ufa tu."

"Na hapa je? Hapa kuna mstari."

"Baba Rehema, hapo kapita konokono."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Tulizunguka hivyo Jumapili nyingi, hatukupata hata kishimo kimoja, na mvua za masika zikatukuta tumeziba madirisha kwa magunia.

Mie niliamini kwamba baba hatimaye amekubali kuwa zile alama zilikuwa na maana. Niliamini hivyo hadi nimeolewa na mama ameshatangulia mbele za haki. Ndipo siku moja, tumekaa barazani, nikamuuliza baba, yeye alidhani alama zile zilisema nini.

"Zile? Mpaka leo naona mikwaruzo tu."

"Sasa zile Jumapili zote tulikuwa tunatafuta nini?"

Alikuna kidevu. Utotoni nilidhani tuliokuwa tukisaka ni wawili, mama na mie, na baba katufuata. Sikujua kwamba alikuwa na lake la kulitazama.

"Mama yako alikuwa anatazama mawe," akasema. "Mie mawe nilikuwa siyatazami."